Maziwa ya Bibi Heilwig

Bibi Heilwig aliletwa Lindenrode akiwa na miaka kumi na sita, juu ya farasi wa kuazima, na sanduku moja la nguo na godoro la manyoya ya bata bukini ambalo mama yake alilishona kwa mkono. Kwao walizaliwa mabinti watano, na baba yao, ambaye ngome yake ilikuwa ndogo hata kuliko yetu, alikuwa amechoka kutafuta wakwe. Huyu wa nne alimpata Ortwin, bwana wetu, mwanamume wa miaka thelathini, mabega mapana na maneno ya kuhesabu. Ngome yenyewe ilikuwa mnara mmoja, ukumbi, zizi na kisima. Sisi wanakijiji tulikaa chini yake, kando ya mto, na baba yangu Wernt ndiye aliyekuwa mhunzi.

Haya ya mwanzo niliambiwa na shangazi yangu Metza, aliyefua nguo za ngomeni miaka arobaini na hakuwahi kukosa neno lililopita ukutani.

Asubuhi ya kwanza ya ndoa, wakati mume anapompa mke zawadi itakayobaki yake hata akifiwa, Ortwin alimwita mkewe dirishani.

"Ule mteremko," akasema. "Kuanzia kwenye mti wa mapeasi mpaka ukuta wa padri. Ni wako."

"Una nini?"

"Mizabibu. Lakini imezeeka."

"Mimi bado. Tutasaidiana."

Ortwin akacheka. Mama yake, Bibi Gerburg, alikuwa ukumbini akihesabu mikate, akainua kichwa na kumuuliza Metza ni mgeni gani aliyelala ngomeni, kwa sababu sauti ile ya kicheko hakuijua.

Heilwig aliupenda ule mteremko kuliko sanduku na godoro lake. Kila mwaka theluji ilipoanza kuyeyuka alipanda na kisu cha kupogolea, sketi ameipachika kiunoni, akafanya kazi pamoja na wanawake wa kijiji mpaka vidole vikapasuka. Divai yake ilikuwa chungu. Padri wetu, mtu asiyekataa kikombe, aliitumia kusafishia vinara vya shaba. Lakini Heilwig alisema kila mwaka kwamba mwaka ujao itakuwa tamu, na Ortwin alikunywa kikombe kizima mbele yake bila kukunja uso. Metza alisema hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao, na kwamba yeye amewaona watu wengi wenye maneno matamu zaidi wakipendana kidogo zaidi.

Miaka mitatu ikapita kabla hajapata mimba. Mtoto alizaliwa katikati ya baridi kali, Ortwin akiwa mbali na askari wa bwana mkubwa. Alikuwa wa kiume, akabatizwa haraka jina la Ortlieb, akaishi siku nne. Jumatatu ya wiki ile ile, nyumbani kwetu, mama yangu alinizaa mimi, na kabla ya jioni akafariki.

Mtu wa ngomeni akifa, maskini hupewa mkate mlangoni. Metza alipanda kuuchukua wa kwetu, mimi akiwa amenifunga kifuani kwa shali. Nilikuwa nimekataa maziwa ya mbuzi siku mbili. Alisema kilio changu wakati ule kilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta, chembamba na cha kukatika. Heilwig alikuwa ameketi karibu na moto, hajasema neno tangu maziko. Niliposikika, gauni lake likalowa mbele. Maziwa yalikuja yenyewe.

"Huyo ni wa nani?" akauliza.

"Wa Wernt mhunzi, bibi. Mama yake tumemzika juzi."

"Anakula nini?"

"Hali kitu. Tunamngoja tu."

"Mnamngoja afanye nini?"

Metza akanikaza kifuani.

"Mlete hapa," akasema Heilwig, na tayari alikuwa anafungua kamba za gauni.

Bibi Gerburg alitokea jikoni na kukuta mambo yamekwisha kuwa. Alisimama na funguo zake kiunoni. Alikuwa mwanamke mrefu, amezika mume na watoto sita, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala akilia.

"Heilwig," akasema, "wanawake wa kijiji ndio wanaopanda kunyonyesha watoto wetu. Sijaona kinyume chake."

"Basi leo umeona, mama."

"Watu watasema nini?"

"Watasema mtoto ameshiba."

"Na Ortwin akirudi?"

"Akirudi atakuta mtoto. Ndicho alichoahidiwa."

Gerburg akageuka, akaondoka. Metza alidhani amekwenda kumwita mtu wa kututoa nje. Baada ya muda akarudi na kikombe cha bia ya moto iliyopigwa na yai, akakiweka kwenye kiti karibu na mkono wa mkwe wake. "Ukinyonyesha, kunywa," akasema. "Na umfunike huyo kisogo, upepo unapita."

Ortwin alirejea Kwaresima. Hakuna aliyethubutu kumtumia habari. Alipanda ngazi na matope yake, akamkuta mkewe amepakata mtoto, na uso wake, alivyosimulia Metza, ukafunguka kama mlango. Heilwig akamwambia haraka, kabla ile furaha haijapata mahali pa kukaa.

"Si wetu, Ortwin."

"Wetu yuko wapi?"

"Kanisani, upande wa kusini. Nilichagua pale kwa sababu panapata jua."

Akakaa chini pale pale, juu ya majani makavu ya sakafuni, na viatu vyake vya kupandia farasi. Kisha akanyoosha kidole kunigusa shavu, nami nikakikamata.

"Ana nguvu," akasema.

"Baba yake mhunzi."

"Naona. Hataki kuniachia."

Akakaa hivyo, kidole chake mkononi mwangu, mpaka nikalala. Nimesimuliwa mara nyingi mno, hata naona kama nakumbuka mwenyewe.

Nilipotimiza miaka miwili Heilwig aliniachisha ziwa, akanishusha kijijini kwa mikono yake. Metza alilia, akidhani tumefukuzwa. Haikuwa hivyo. Heilwig alimwambia baba yangu mlangoni: "Wernt, nyumba yako imekuwa kimya kupita kiasi. Mchukue alale kwako. Mchana nitamhitaji mimi." Baba yangu, aliyezungumza na vyuma kuliko na watu, akajifuta mikono kwenye aproni ya ngozi na kusema asante mara tatu, akiwa hajui afanye nini kingine. Basi nikawa mtoto wa nyumba mbili. Kulipokucha nilipanda, kulipotaka kuchwa nilishuka, na mifuko yangu mara nyingi ilikuwa na lozi au kipande cha jibini.

Eberwin alizaliwa nikiwa na miaka mitatu, mzima, mwenye sauti. Baada yake Heilwig alizika wengine wawili, upande ule ule wa kusini. Eberwin alibaki peke yake, na mimi nikawa dada yake kwa sababu hakuwa na mwingine. Tulinyonya ziwa moja, na tulipigana kama watu walionyonya ziwa moja. Heilwig alitufundisha kusoma pamoja, kwenye kitabu cha Zaburi alichopewa na shangazi yake mtawa. Eberwin alitoroka kila alipopata nafasi. Mimi nilibaki, kwa sababu kulikuwa na moto.

Aliyefaidika na kusoma kwangu alikuwa Bibi Gerburg. Macho yake yalipofunga utando alitaka Zaburi kila siku, na Heilwig alikuwa na kazi, na Eberwin alikuwa Eberwin.

"Polepole," Gerburg alikuwa akiniambia. "Unasoma kama unagonga msumari."

"Ndiyo, bibi."

"Damu haifichiki. Rudia ule mstari."

Nikarudia. Siku moja, bila sababu yoyote, akashika mkono wangu na kuupapasa, vidole na kiganja, kama mtu anayenunua kitambaa. "Nilisema watu watasema," akaniambia. "Kweli walisema. Mwaka mzima. Kisha wakapata jambo jingine." Alikufa vuli ya mwaka ule, akiwa ameketi, na funguo mapajani. Heilwig, ambaye miaka ishirini alikuwa hajui mama mkwe wake anampenda au la, alimlilia kuliko tulivyotarajia. Aliniambia: "Hakuwahi kuniambia neno zuri hata moja. Lakini kila nilipozika, nilipoamka nilikuta bia ya moto."

Ortwin mwenyewe aliuawa na jino. Mtu aliyekwenda vitani mara tano akarudi mzima, taya likamvimba baada ya Pasaka, na siku ya tisa akaaga. Dakika zake za mwisho alimtaka Heilwig amletee divai ya mteremkoni. Akameza kidogo, akafumba macho.

"Mwaka huu ni tamu," akasema.

"Mwongo," akamwambia Heilwig, na akambusu kipaji cha uso.

Wiki iliyofuata alikuwa shambani akifunga matawi ya mizabibu kwenye nguzo. Nilimsaidia. Mara moja tu alisimama, akatazama dirisha la ngomeni, lile la asubuhi ya kwanza, kisha akaendelea.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne kengele ya kanisa letu ilipopasuka, na akaja Gunzel, mtengeneza kengele kutoka mjini, kumimina mpya. Alichimba shimo uwanjani mwa kanisa, akajenga tanuri, na kwa kuwa alihitaji vyuma vya kufungia, alishinda kiwandani kwa baba yangu. Alikuwa mfupi, nyusi zimeungua, mdomo haupumziki.

"Wewe binti wa mhunzi," akaniambia siku ya pili, nilipowaletea chakula, "unatazama shimo au unanitazama mimi?"

"Shimo. Lina sura nzuri zaidi."

"Basi kaa ulitazame vizuri. Mimi nitakuwa ndani yake."

Baba yangu, aliyekuwa anavuta mivukuto, akageuka ukutani ili asionekane akicheka. Kengele ilichukua miezi miwili. Ilipopandishwa mnarani na kulia mara ya kwanza, mimi na Gunzel tulikuwa tumekwisha kubaliana.

Tatizo lilikuwa moja. Sisi watu wa Lindenrode tulikuwa wa ardhi. Mtu hakutuuza sokoni kama ng'ombe, lakini hatukuweza kuhama wala kuolewa nje pasipo ruhusa, na watoto hufuata hali ya mama. Gunzel alikuwa mtu huru wa mjini. Akinioa mimi kama nilivyo, wanawe watakuwa mali ya mwingine. Ndugu zake walimwambia hivyo waziwazi, naye akawajibu kwamba atangoja.

Eberwin ndiye aliyekuwa bwana wetu sasa, miaka ishirini na moja, ndevu zinaanza. Nilikwenda kwake ukumbini. Alikuwa anakula, akanisogezea sahani.

"Dada, ingekuwa ni mimi, ungekuwa umeondoka jana," akasema. "Lakini ardhi na watu, ukiacha ule mteremko wa mama, ni vya bwana mkubwa Burkhart wa Harteck. Mimi nimekabidhiwa tu. Nimemwandikia mara mbili."

"Amejibu nini?"

"Kwamba binti wa mhunzi huzaa wahunzi, na yeye ana farasi wengi."

Heilwig alikuwa pembeni akisokota sufu. Hakuinua macho. Aliendelea kusokota mpaka sufu ikaisha, kisha akasema, "Nitakwenda mimi. Nitampa mteremko."

Eberwin akaweka kisu chini. "Mama, ule ndio uzee wako. Ukitaka kwenda kwa watawa, watauliza umeleta nini."

"Sitaki kwenda kwa watawa. Wanaamka mapema mno."

"Utaishi wapi?"

"Kwako. Au umepanga kunitupa?"

"Na Lukardis?" Lukardis alikuwa mkewe, mwaka wa kwanza wa ndoa, msichana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Mkeo anapiga kelele, na mimi sikio moja limekufa. Nitamkalisha upande huo."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimwambia siwezi kukubali, kwamba ule mteremko ni Ortwin, ni maisha yake yote pale juu, kwamba Gunzel atapata mwingine na mimi nitakaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Kama unakubali, sikukuuliza. Nenda kamtayarishe nyumbu."

Harteck ni mwendo wa siku mbili. Nyumbu alikuwa mmoja, tukampanda kwa zamu, ingawa zamu zangu nilizifupisha mimi mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Septemba, watu wanavuna tufaha, na njiani tulikula mkate mweusi na vitunguu. Heilwig alikuwa mchangamfu kama msichana. Alinieleza kuhusu dada zake, jinsi walivyolala watano kwenye kitanda kimoja na jinsi mdogo alivyokuwa anauma. Jioni tulilala kwa mjane mmoja aliyekuwa na ghala la majani, na alipojifunga shali aliniambia, "Nilipokuchukua siku ile, usifikiri nilikuwa mwema. Kifua kilikuwa kinaniuma kama moto, na moyo vilevile. Nilikuchukua kwa ajili yangu. Wema ulikuja baadaye, polepole, ulipoanza kucheka."

Bwana mkubwa Burkhart alitupokea uani, amekaa kwenye benchi na mguu wenye jongo juu ya mto. Alikuwa mnene, mwenye macho madogo ya mzaha. Karani wake alisimama nyuma.

"Mjane wa Ortwin," akasema. "Mwanao ameniandikia. Nimemjibu."

"Majibu yako nimeyasikia, bwana. Nimeleta kitu ambacho barua haikuwa nacho." Akamtolea hati ya zawadi yake ya asubuhi, ngozi iliyokunjwa, na muhuri wa Ortwin.

Karani akasoma. Burkhart akamtazama.

"Mteremko wa Lindenrode? Divai yake nimeinywa, nilipokuja kumpa mwanao ngome. Umekuja kuniomba au kuniadhibu?"

"Mizabibu ni mizuri, bwana. Mtengenezaji ndiye mbaya."

"Mtengenezaji ni nani?"

"Mimi."

Akacheka mpaka akashika mguu wake kwa maumivu. Kisha akanitazama, nami nikatazama mawe ya uani.

"Huyu ni nani kwako? Damu si moja."

"Alinyonya kwangu."

"Hilo si jibu la mahakamani."

"Ndilo nililonalo."

Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anapasua kuni. "Unajua," akasema hatimaye, na mzaha ulikuwa umemtoka, "mimi nililelewa na mnyonyeshaji. Mke wa mchunga nguruwe. Sijui hata alizikwa wapi." Akamwashiria karani achukue hati.

Desturi ya kule ni kwamba anayeachwa huru hushikwa mkono na bwana wake, akapelekwa mlangoni, na mlango ukafunguliwa wazi mbele ya mashahidi. Burkhart hakuweza kusimama kwa sababu ya mguu. Akasema Bibi Heilwig amshikie nafasi. Basi akanishika mkono, tukavuka uani, watumishi wakitazama, karani akisoma maneno yake nyuma yetu kwamba Hiltgund binti Wernt aende apendako, yeye na uzao wake. Bawabu akafungua mlango wote, pande mbili. Nje kulikuwa na barabara na bata fulani. Heilwig akaniachia mkono, akanisukuma kidogo mgongoni, kama vile mtu anavyomsukuma mtoto anayejifunza kutembea.

Nilitoka hatua tatu, nikageuka nikarudi kumkumbatia. Karani akanong'ona kwamba hilo halimo kwenye utaratibu.

Niliolewa kabla ya theluji. Baba yangu alinifulia kitasa cha sanduku, akakaa siku mbili mjini, akasema kuna watu wengi mno, akarudi kwenye fuawe lake. Nimeishi mjini tangu hapo, kwenye mtaa wa wafua shaba, na nimezaa watoto sita, wanne wazima. Wa kwanza alikuwa msichana. Nilimpa jina la Heilwig bila kuomba ruhusa, na Bibi aliposikia alituma bata bukini mzima wa kukaushwa na ujumbe kwamba jina lile ni zito, mtoto alishwe vizuri.

Usidhani alijinyima kwa furaha tupu. Mwaka wa kwanza baada ya kutoa shamba, Eberwin alinieleza, hakuweza kutazama dirishani. Watu wa Burkhart walileta mtengenezaji wa divai kutoka kusini, na mwaka wa tatu ilikuwa tamu. Walipomletea kikombe alionja, akasema, "Ortwin angeona haya," na akaomba kingine. Na Lukardis, yule mkwe wa kelele, walipatana kuliko mtu yeyote alivyodhani. Lukardis alizaa mapacha, akalemewa, na Heilwig akawachukua, mmoja kila goti. Nilipokwenda kuwatembelea nilikuta ukumbi mzima unapiga kelele na yeye katikati, sikio lake baya limegeukia kelele, uso umetulia.

Kila mavuno nilikwenda. Majira moja ya baridi alikuja yeye mjini, akakaa kwetu mpaka Kwaresima. Hakuupenda mji. Alisema kila mtu anatembea kama anayefukuzwa. Alichokipenda ni samaki wa chumvi wa sokoni, aliokula kwa vidole akiwa amesimama, jambo ambalo ngomeni hangeweza, na Gunzel, aliyemwita "Nyusi."

"Nyusi," alikuwa akimwambia, "unasema sana. Ortwin wangu alisema maneno kumi kwa siku na niliyakumbuka yote."

"Bibi, mimi nasema mia ili mke wangu achague kumi."

Aliugua majira ya kuchipua, miaka saba iliyopita. Eberwin alituma mtu na farasi, nikafika akiwa bado anasema. Nilimwosha, nikamsuka nywele, zilikuwa zimebaki chache na nyeupe kabisa. Nilimwuliza kama ana kiu. Akasema hapana. Akauliza kama mtoto wangu mdogo ameota meno. Nikasema mawili. "Ya chini?" Ndiyo, ya chini. Akatikisa kichwa, ameridhika, akalala, na mchana wa siku ya pili, mapacha wakicheza uani, pumzi ikasimama.

Kwenye maziko padri mpya, kijana asiyetujua, alipanga watu mlangoni mwa kanisa, jamaa mbele na watumishi nyuma. Akaniuliza mimi ni nani. Mtumishi sikuwa, na wa damu sikuwa. Eberwin, ambaye sasa ana kitambi na mvi, alikuja akanishika mkono wa juu. "Huyu anasimama nami," akamwambia padri, na tukatembea pamoja nyuma ya jeneza mpaka upande wa kusini, penye Ortwin na wale watoto watatu.

Baadaye tulikula supu ya njegere na nyama ya kuvuta ukumbini, watu wengi, wa ngomeni na wa kijijini. Baba yangu, mzee sana, alikaa karibu na moto. Lukardis alianza kulia kwa sauti, na Eberwin, ili amtulize, akasimulia siku mama yake alipotembea nusu ya uwanja wa soko la Harteck akimfokea mtu aliyedhani ni mwizi wa nyumbu, kumbe nyumbu amekaa nyuma yake muda wote, anamlia shali. Mimi nilikuwepo siku hiyo, katika safari ile ile ya hati, nikamsahihisha: hakumlia shali, alimlia kofia. Tukabishana. Lukardis akacheka huku machozi yanatiririka, na mtu akaongeza kuni.